Mkono Uliosubiri Hukumu ya Mpaka

Juzi nilirudi Kianjokoma kwa mazishi, nikamsikia mhubiri kijana akisema kwamba wazee wetu waliishi gizani, na kwamba waganga wao walikuwa wachawi wasiojua haki wala huruma. Waombolezaji wakaitikia "Amina." Mimi niliyestaafu ukarani wa mahakama nimechoka kubishana. Hata hivyo, maelezo yasiyo sahihi huniudhi, na haya, ndugu msomaji, niruhusu niyanyooshe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, majira ya masika. Mteremko ulio nyuma ya nyumba ya nyanya ulikuwa umelowa, nasi watoto tulikuwa tukiteleza juu yake kwa mashina ya migomba. Shina langu likanirusha kwenye jiwe, na mkono wangu wa kulia ukapinda mahali pasipo kiungo. Nyanya aliyaacha maharagwe yaungue motoni, akanifunga kwa leso, akanipeleka kwa jirani aliyejua kuunga mifupa.

Jirani alitutazama akiwa mlangoni.

"Msimu mzima unatangaza sokoni kwamba nimesogeza mpaka. Leo unaniletea mkono?"

"Mtoto hana shamba," nyanya akajibu.

"Ana nyanya mwenye mdomo."

Hakikuwa kisasi. Kwetu, mganga hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa wa nyumba aliyokosana nayo. Mfupa uliofungwa juu ya ugomvi, walisema, huunga ukiwa umepinda. Kesi ilipaswa kwisha kwanza. Mkono wangu ulikuwa ukivimba, naye nyanya aliamini kwa dhati kwamba ameibiwa ardhi.

Wazee waliitwa kutoka mashambani, wakaja na matope miguuni. Walikwenda moja kwa moja hadi mpakani, penye itoka, mmea ambao watu wetu waliupanda kutenga mashamba, wakachimba. Itoka iliyohamishwa karibuni huwa na matunguu machache yaliyolegea udongoni. Hii ilikuwa na matunguu makongwe, yamesongamana kama ndugu katika kitanda kimoja.

"Mama," mzee mmoja akamwambia nyanya, "hii imelala hapa tangu hujaolewa. Maliza maneno, mtoto asije akaenda shule na mkono kama mundu."

Nyanya, ambaye sikuwahi kumwona akishindwa, alisema mbele ya wote kwamba amekosea, na kwamba atayarudia maneno hayo sokoni alikomtukania jirani. Kikaletwa kibuyu kimoja cha uji wa wimbi, wakanywa wote wawili, yeye na jirani.

"Uji wako mchungu," nyanya akanung'unika.

"Uchungu umetoka nao kwako."

Wazee walicheka hadi mmoja akajifuta machozi.

Ndipo jirani akaniketisha, akaukanda mkono kwa majani yaliyopashwa moto, akaanza kunisimulia hadithi ya sungura aliyetaka kuvuka mto. Ilikuwa mchana, na hadithi za mchana zilikatazwa, kwani zilisemekana kuwapotezea ng'ombe njia. Wazee waligeuza nyuso, wakajifanya hawasikii. Sungura aliporuka, jirani akavuta. Nilipomaliza kupiga mayowe, mkono ulikuwa umekwisha kufungwa kwa vipande vya mti na kamba za mgomba.

Uliunga umenyooka. Nimeutumia maisha yangu yote kuandika mashauri ya majirani wasiosalimiana, yakiahirishwa hadi walioyafungua wakafa na kuwarithisha watoto wao. Sidai kwamba wazee hawakukosea. Nasema tu kwamba walijua kinachoharakishwa ni nini, na kwa sababu gani.

Baada ya mazishi nilizungumza na wajukuu wa nyumba zile mbili. Wana kesi, na kila upande una wakili mjini Embu. Nilipowauliza ni nani atakayeketi kati yao wapatane, walinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeulizia njia ya kwenda kwenye soko lililokwisha kuhamishwa.