Ukoka Wenye Unga Mweupe

Mtu akiniambia kwamba majani ni majani tu, humcheka mpaka machozi yanitoke. Mimi nimewahi kushindana mbio na gunia la majani, kutoka Mtoni mpaka mtaa wa Ng'ambo mjini, na gunia likanishinda.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja wa serikali aliyekaa Mtoni. Mbele ya nyumba yake palikuwa na uwanja wa ukoka, na ukoka ule, sisemi uongo, aliupenda kuliko alivyompenda mkewe. Kiangazi kisiwa kizima kikikauka kama ngozi ya ngoma, lakini ukoka wa Bwana ukinyweshwa asubuhi na jioni, kijani kibichi, ungetamani uutie chumvi uule.

Tulikuwa wawili kazini. Mwenzangu alikuwa mtu wa Tumbatu, mkubwa kwangu kwa umri, mikono yake kama makasia. Mimi nilikuwa nshahitimu skuli ya usiku, na cheti changu nimekitundika ukutani, juu ya picha zote za ukoo. Basi yeye akiniita "Mwalimu", na si kwa heshima.

Desturi yetu ilikuwa hivi: majani yakishakatwa, ni ya sisi tuliokata. Mwenzangu hakuwa na mnyama, kwa hivyo yote yalikuwa yangu, nami nilikuwa na mbuzi. Na mbuzi mwenyewe hakuwa wa mchezo. Mke wangu alikuwa amejifungua binti, mtoto wetu wa kwanza, yumo katika arubaini nyumbani kwa shangazi yangu Ng'ambo. Mbuzi huyo alikuwa wa akika ya mtoto, achinjwe siku ya arubaini. Zimebaki wiki tatu. Mbuzi wa akika hatakiwi awe na kilema, wala mgonjwa, wala mbavu zinahesabika. Na kiangazi kile, jani bichi lilikuwa kwa Bwana tu. Kila siku nikimpelekea gunia.

Ndipo chenene walipoingia uwanjani, wadudu wale wanaofukua ardhi kama wametumwa kuchimba kisima. Asubuhi Bwana akatoka na nguo za kulalia, akaona ukoka umevimba vimba, akataka kulia. Siku ya pili akaja na kopo kubwa la unga mweupe. Akatwambia tunyunyize, kisha tumwagie maji kidogo. Nikalisoma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi kubwa, nikalitamka kwa sauti ili mwenzangu asikie Kiingereza.

"Na yale maandishi madogo madogo huko chini?" akauliza.

"Hayo ni ya kiwandani," nikamjibu. "Hayatuhusu."

Tukanyunyiza. Baada ya siku mbili tukakata. Mchana ule Bwana akanituma mjini na barua. Niliporudi alasiri, mwenzangu hayupo, na majani hayapo. Mtumishi wa jikoni akanambia kwamba gari la ng'ombe la nazi lilikuwa linapita kwenda mjini, na yule mwenzangu kalipanda na gunia langu. "Kasema anakupunguzia mzigo, wewe una mtoto mchanga."

Nikafurahi. Wallahi, nikafurahi! Nikakaa kitako kuliosha lile kopo, kwa kuwa lilikuwa tupu na zuri, nami nshaliona litafanywa kata ya kuchotea maji nyumbani. Nikalifuta unga. Chini yake yakatokea yale maandishi madogo madogo. Nikayasoma kwa kidole, neno moja moja, kama tulivyofundishwa: mnyama asilishwe majani yaliyotiwa dawa hii mpaka zipite wiki nne.

Kopo likaniponyoka. Nikapanda baiskeli.

Vumbi nililotimua njia ya Saateni, nadhani halijatulia mpaka leo. Nilizipita gari za ng'ombe tatu, na katika zote gunia langu silioni. Moyoni nikimwona mbuzi kalala chali, na shangazi kashika kichwa, na binti yangu anafika arubaini bila ya akika kwa sababu baba yake ni msomi.

Nikaingia uani baiskeli ikiwa bado inakwenda.

"Shangazi! Mbuzi yuko wapi?"

"Ebo! Skuli ya usiku haifundishi salamu?"

"Shikamoo. Mbuzi yuko wapi?"

"Marahaba. Huyo hapo nyuma yako, kanuna. Leo sijampa majani."

Nikageuka. Mbuzi yupo, mzima, ananitazama kama mtu anayedai chakula chake. Nilimkumbatia shingo, na sioni haya kusema.

"Rafiki yako kayaleta," shangazi akasema, "nkayaona yana unga. Nkanusa. Nkasema aa, hii si ndiyo dawa ya wale waliokuja kupiga dawa ya mbu majumbani? Mbuzi hali dawa. Lakini kitu kizuri hakitupwi. Nimeyatandika chini ya magodoro. Leo kunguni watasomeana hitima!"

Kunguni wa Ng'ambo wa siku hizo walikuwa sawa na kokwa za fenesi, kwa hivyo simlaumu.

"Magodoro yote? Hata la mzazi?"

"Hilo ndilo la kwanza! Nimwache mjukuu wangu aliwe?"

Niliingia chumbani bila ya hodi. Mke wangu kalala, na mtoto kifuani. Nikawabeba wote wawili kwa mpigo mmoja, nikawaweka uani kwenye mkeka.

"Huyu kapatwa na nini?" mke wangu akauliza.

"Kasoma," akajibu shangazi.

Tulivitoa vitanda vyote nje, tukasugua kamba kwa sabuni, tukaosha mashuka na kuyapunga magodoro juani. Majani tukayafukia katika shimo refu, na kesho yake nikalifukia na kopo. Ile kata ya maji sikuipata.

Ikabaki njaa ya mbuzi. Shangazi akatoka barazani akatangaza, na mtaa wote ukamlisha mbuzi wangu: maganda ya ndizi, ya shelisheli, ya fenesi, majani ya muhogo. Siku ya arubaini alikuwa mnene hata mlango wa ua ukamkataa. Na kila aliyeleta ganda akaja kula. Mbuzi mmoja, watu mia tatu! Mimi baba wa mtoto niliramba mchuzi. Mwenzangu wa Tumbatu alikuja kanyong'onyea, hataki kukaa, mpaka shangazi alipomwekea binti yangu mapajani. Mikono ile ya makasia ikampakata kama yai.

Chenene walirudi baada ya mvua, na Bwana akaleta kopo jipya. Nikataka kulifungua. Mwenzangu akalifunika kwa kiganja, akavuta ndoo, akaikalia.

"Soma kwanza, Mwalimu."

Nikamsomea yote, kubwa na dogo, nikamfasiria mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Rejea hapo penye mbuzi," akasema. "Tena polepole."