Kabla Hujamwita Jirani Adui

Nakumbuka siku moja pale Swima, kijijini kwetu ufukweni mwa ziwa, mwanangu. Jana nilikusikia, Baraka, kwenye kituo cha motari, nyinyi wa pikipiki, ukiwaambia wenzako, "Bale bantu iko baadui yetu." Mlicheka. Mimi niliogopa, ndiyo maana nimekuita.

Nilikuwa msichana. Kaka yangu Wilondja alikuwa ameanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani, na wewe wajua, ndagala wakianikwa lazima mtu akae awalinde. Yeye alikwenda kupiga soga. Mabata ya Nestori, jirani yetu mkulima aliyekimbia vita Burundi, yakaingia yakala mpaka yakashindwa kutembea. Wilondja alitukana asubuhi nzima. Tuseme kweli, nusu ya kosa ilikuwa yake, na hilo ndilo lililozidi kumchoma.

Kabla hajapoa, vijana wenye bunduki wakashuka kutoka milimani. Hatukuwajua. Waliuliza jambo moja tu.

"Hapa kwenu, adui iko nani?"

Nestori alikuwa amesimama na jembe lake kando ya mihogo, mkewe nyuma yake. Nikamwona kaka yangu akinyoosha kidole.

"Ni ule. Ule iko adui."

Niliogopa hata nikajikojolea, sikufichi. Mmoja wao alikwisha kumkamata Nestori shati. Ndipo shangazi yetu, mama mpole asiyepaza sauti mbele ya wanaume, akamshika Wilondja sikio.

"Adui gani? Sema bote basikie. Alikufanyia nini?"

"Shangazi..."

"Sema!"

"Bata yake... ilikula ndagala yangu."

"Basi we iko na kasirani tu." Akawageukia wenye bunduki. "Batoto yangu, huyu anakasirikia bata. Adui hatuna hapa. Mutuachie jirani yetu."

Mkubwa wao aliwaashiria vijana wake wamwache. Kisha wakamwachia Nestori, wakakamata mabata, wakaenda zao. Wilondja aliketi mchangani akalia kama mtoto. "Karibu niue muntu juu ya samaki," alisema.

Hasira ni hasara, walisema wazee, lakini hasira yenyewe hupoa. Ukiwa nayo, sema unayo, watu watakuvumilia. Mwenzako akivuna mihogo mingi na moyo ukakuuma, hicho ni kijicho, na aibu ni yako. Kama alikukosea zamani na bado unalibeba kosa lake, una kinyongo. Mkalishane mbele ya wazee mkiseme kiishe. Chuki naiogopa zaidi, kwa sababu mwenye chuki hata kosa amelisahau, amebaki kumkataa mtu tu. Lakini adui, mwanangu, ni mtu unayekubali auawe. Je, hao uliowataja jana unakubali wauawe? Basi usiwaite hivyo hata kwa mzaha. Ulimi hauna mfupa, na wako watu wanaozunguka wakingoja tu kuonyeshwa adui ni nani.

Shangazi alikwisha kufariki. Siku wenye bunduki wakija kwenu na swali lao, hutamkuta yeye, utajikuta wewe. Mungu akubariki, mwanangu, akutie ujasiri wa kusema kweli ya moyo wako, na jibu lako lisimwage damu ya mtu.