Miyaa ya Vanga kwa Shangazi Mwanaidi

Baba aliposikia kwamba dada yake hasemi wala hainui mkono, alinitazama mimi, kisha akamtazama punda. "Nendeni Mvita mkamlete," akasema. Nikajua safari imeniangukia.

Shangazi Mwanaidi alikuwa amemfuata binti yake aliyeolewa Mombasa. Ndui ikamchukua binti na mjukuu, naye akabaki katika nyumba ya wakfu wanamotunzwa vikongwe na mayatima pamoja. Basi nikamtandika punda tandiko nene, maana shangazi ndiye angelikalia wakati wa kurudi. Mama akaongeza mzigo wa miyaa, yale majani makavu ya mkoma ya kusukia mikeka. Nikanung'unika: jamani, Mombasa mtu hupelekewa majani?

Kutoka Vanga hadi Gazi, bwana alikuwa punda. Akitaka kwenda, twaenda. Akitaka kula, twasimama. Yeye alikula majani, mimi nilikula vumbi.

Likoni, adhuhuri, punda alikataa katakata kupanda mtumbwi. "Huyu ana akili kukushinda wewe," akaniambia mwenyeji aliyekubali kunitunzia. Nikavuka na mzigo kichwani. Ng'ambo nikaona ajabu: kigari juu ya reli, bwana mmoja amekaa chini ya turubai, watu wawili wanamsukuma mbio. Reli ya kusukumwa! Nilicheka peke yangu hadi Makadara.

Mjini nilifika baada ya alasiri. "Hodi!" "Karibu, starehe," akaitika Bi Rehema, mwangalizi wa nyumba. Uani vikongwe na watoto walikaa wawili wawili wakidarizi kofia. Mtoto atunga uzi, ajuza apiga sindano, na soga haziishi. Shangazi tu alikuwa kimya ukutani, kofia mapajani haijaguswa, pembeni yake yatima aliyepangwa naye, Tatu.

"Tumempa sindano, tumempa hariri, wapi!" akasema Bi Rehema. "Mwanamke mzima asiyetaka kofia, sijapata kumwona."

"Bi Rehema, shangazi yangu ni msukaji mikeka. Sindano ya kofia hajaishika maishani mwake."

"Lo! Nasi twadhani kila mtu ni wa mji huu!"

Nikautua mzigo. Tatu, hana hili wala lile, akachomoa miyaa akaanza kusuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka. Ukapinda kama njia ya ng'ombe. Nikanyoosha mkono nimsahihishe. Bi Rehema akanifinya.

Ukili ukazidi kupinda. Vidole vya shangazi vikaanza kucheza juu ya goti.

"Fumua," akasema.

Tatu akafumua, akasuka tena, vibaya zaidi.

"Fumua! Nani aliyekufunza wewe, mbuzi? Lete hapa!"

Bi Rehema alijifunika uso kwa leso. Mimi nililia waziwazi, wala sioni haya kusema.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia, "Shangazi, twende kwetu. Punda yuko Likoni, na tandiko lake laini."

Hakuinua macho kutoka kwenye vidole vya Tatu. "Na huyu nimwachie nani? Hata kuanza ukili hajui."

"Tumwombe, twende naye."

"Mwanangu, na makaburi yangu je, utayapakia punda pia? Nenda salama. Mwambie babako miyaa hii haitoshi."

Njiani kurudi nilikuwa na nafasi ya kufikiri, kwani punda hakuwa na haraka. Nikaona kwamba huzuni haiondolewi kwa kazi yoyote tu. Hutaka kazi ambayo mikono imeizoea, na mtu wa kumgombeza.

Vanga, baba alikuwa mlangoni. Alipoona tandiko tupu, uso ulimshuka.

"Amekufa?"

"Hajafa, baba. Anagomba."

Nikampa maagizo. Baba alicheka mpaka akaketi kizingitini, machozi yakimtiririka ndevuni. Kisha akachukua panga, akaelekea kwenye mikoma.

"Wewe," akaniita bila kugeuka, "punda usimvue tandiko."