Sib hadi Ghubra, Miaka Sita

Sikwenda Maskati kutalii. Mama alinituma nikawapatanishe kaka zake wawili, mjomba Salum wa Sib na mjomba Nassor wa Ghubra, mitaa miwili ya mji huo huo. Miaka sita nyuma Nassor alimwoza binti yake bila ya kumshauri mkubwa wake, na Salum akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba ile. Sasa Nassor katoka hospitali, amepasuliwa moyo, na mama anaogopa atazikwa wakiwa hawasemezani.

Kabla ya kuondoka Unguja nilipita kwa sheikh wa mtaani kwetu. Akanieleza kwamba kiapo cha namna hiyo kina kafara: mtu huwalisha maskini kumi, akafanya lililo la kheri. Nikapanda ndege nimejaa hoja.

Sib, baada ya alasiri. Mjomba Salum alinipokea kwa kahawa na halua, kisha akaninyamazisha kwa mkono, maana tamthilia yake ilikuwa inaanza. Ni ya Kijapani, ya zama za samurai, maandishi ya Kiarabu yakipita chini. Askari mmoja alikuwa ameapa kumtii bwana wake. Sasa bwana kamwamuru apigane na rafiki yake wa utotoni, naye anakwenda, upanga mkononi, machozi yanamtoka. Mimi niliona ujinga mtupu. Mjomba alikaa wima kama aliye msikitini.

"Umemuona huyo? Kasema, kasema," alinambia. "Siku hizi wanaume hawa hawapo."

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia yule hakuwa na wa kumfundisha kafara. Sisi tunayo, na maskini kumi hawakosekani. Nilizungumza vizuri, nasema mwenyewe.

Mjomba akapunguza sauti ya televisheni.

"Mwanangu, hao kumi nishawalisha. Mwaka wa tatu huu. Gari nnaiwasha, nikifika kwenye taa za Ghubra nnageuza. Nnaona haya. Ntamwambia nini mie?"

Nilimwonea huruma sana. Nikamwomba anipeleke Ghubra nikamtazame mgonjwa, kwa kuwa njia siijui. Simu yangu ilikuwa inaijua vizuri tu, na yeye alijua hivyo.

Ghubra, kabla ya magharibi. Penye taa alipunguza mwendo; mimi nikatazama maduka. Mjomba Nassor alitoka mwenyewe mpaka mlangoni, mkono kifuani.

"Nimemleta huyu," alisema Salum. "Njia haijui."

"Umefanya vyema. Ingieni."

Wakashikana mikono, hawakuachiana mpaka ukumbini. Habari ya harusi haikutajwa.

Siku ya tatu nilirudi Unguja. Nilikuwa nikidhani mjomba kafungwa na kiapo. Kiapo kina kafara yake. Kuona haya hakuna kafara, huko kunataka mtu wa kuingia naye mlangoni. Mama aliponiuliza nimewaambia maneno gani hata wakapatana, nilimjibu kweli: niliomba lifti.