Sahani ya Inspekta

Mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia uzito, kuyaweka moja baada ya jingine juu ya mizani ya muuza nyama au ya muuza sukari, na kuipiga lakiri ile iliyothubutu kudanganya. Hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo. Mkewe alimtania kwamba hata salamu huzipima kabla ya kuzitoa.

Nyumbani, hata hivyo, mkubwa alikuwa mkewe. Majirani walimwita Inspekta, kwa sababu ya ada waliyojiwekea wawili hao tangu walipooana. Kila Jumamosi alasiri walitazama filamu kongwe ya upelelezi, ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye lugha ya kigeni na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Ikifika katikati waliisimamisha, wakapakua chakula, na kila mmoja akamtaja muuaji. Paja nono la kuku liliwekwa kando likimngoja atakayepatia. Mume alilionja mara chache mno.

Sasa Inspekta haoni. Ugonjwa ulimfunga jicho moja, kisha la pili, na tangu hilo la pili lilipozima, hamu ya chakula nayo ilimtoka. Kila mlo alitafuna tonge moja, akageuzia uso ukutani. Asubuhi ya Jumamosi moja mzee alipomnyanyua kumtoa bafuni, mikono yake, iliyozoea kupima, ilimpa jibu ambalo hakutaka kulisikia. Kisha binti yao akapiga simu.

"Baba, nisikilize. Kesho asubuhi naja na gari. Mama akiwa bado hajala, nampeleka hospitali wamwekee mpira wa puani wa kumlishia."

"Atakula, mwanangu."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

Basi mzee akaingia jikoni kama aendaye vitani. Alimpaka kuku siagi, kitunguu saumu na limau, akampanga katika trei pamoja na viazi na karoti, akamtia ovenini, na kila mara akamnywesha kwa kijiko mchuzi wake mwenyewe, kama Inspekta alivyomfundisha. Ngozi ikaiva rangi ya dhahabu, ikatoa mlio mdogo wa kupasuka. Nyumba nzima ikanukia. Likabaki tatizo moja: filamu zote zilizokuwamo mle ndani Inspekta alikuwa amezihifadhi kichwani, na mchezo wa kumtaja muuaji ulikuwa umekufa zamani. Ndipo mzee akapata wazo ambalo mwenye duka angefungiwa mlango kwa ajili yake. Angeweka filamu ya zamani, apunguze sauti, amsimulie nyingine kabisa.

"Hii ni mpya," alisema, akimkalisha kochini na mto mgongoni. "Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Na... kinyozi."

"Kinyozi! Yule ambaye runinga yake haijui kitu ila mpira wa miguu? Haya, simulia."

Akasimulia. Daktari wa kwenye picha akamgeuza mwanasheria, mjane akamgeuza dada, na maiti iliyolala ghorofani akaihamishia bustanini. Jasho lilimtiririka. Lakini Inspekta alikuwa ameinamisha kichwa upande, kwa namna ambayo mzee hakuwa ameiona kwa muda mrefu, na moyo ukamdunda kwa tumaini. Katikati akaisimamisha filamu, akamwekea sahani magotini, akamshikisha uma.

"Muuaji nani, Inspekta?"

Inspekta akachoma kipande cha nyama, akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. Mzee hakuthubutu kupumua.

"Daktari."

"Daktari yupi? Humu hamna daktari."

"Yule anayefunga mlango unaolia, halafu anakohoa. Au unadhani nimekuwa kiziwi pia? Ati bustanini! Watu wanapanda ngazi za mbao, wewe unaniambia bustani."

Mzee alicheka kwa aibu. Mkewe naye akacheka, lakini kicheko chake kikakatika, akauweka uma chini.

"Kwa hiyo hata wewe. Kila aingiaye humu ananidanganya: sura imerudi, nimenenepa, kuna dawa mpya. Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja."

"Nilitaka ule, bibie."

"Basi nijibu. Nikila, macho yatarudi?"

"Hayatarudi."

"Na nisipokula?"

"Kesho unapelekwa hospitali. Watakutia mpira puani, na mimi nitarudi humu peke yangu." Sauti ikamvunjika. "Siwezi, mke wangu. Sijui kukaa katika nyumba hii bila wewe. Nimeukimbilia uongo kwa sababu ukweli umenishinda."

Mkono wa Inspekta ulipapasa sahani, ukaipita karoti, ukaipita ngozi, ukakuta kiazi. Akakitia mdomoni kwa vidole, akakitafuna bila raha, kama anayetimiza amri. Alipokwisha kumeza akaisukuma sahani kando, ikakaa juu ya kochi, kati yao.

"Imetosha?" mzee aliuliza.

"Sijui. Usiniulize. Washa, na safari hii unisomee kilichoandikwa. Usiongeze chako."

Haikutosha. Kipande cha nyama na kiazi kimoja visingemridhisha binti yao, seuze madaktari. Mzee akabonyeza rimoti, akaanza kusoma. Akasoma maneno ya daktari na ya mjane, akasoma salamu na makaribisho, akasoma hata mabango ya barabarani yasiyomhusu mtu yeyote. Maana madhali alikuwa akisoma, Inspekta hakuomba kurudishwa kitandani, na sahani ilikuwa bado karibu na mkono wake, ikipoa.