Maji Nusu Kikombe

Wiki mbili baada ya kumzika mama, nilifungua droo ya jikoni kwake, hapa Woolwich, nikitafuta mkasi. Chini ya vijiko nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye madoa ya mafuta na mwandiko wake uliolalia kushoto. Nilisoma hadi mstari wa tatu, nikaketi sakafuni. Niruhusu, rafiki yangu, nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu tangu siku ile tasnifu yangu haijasonga hata ukurasa mmoja, na utaratibu ndio pekee uliobaki wa kunishikilia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tuliishi ghorofa ya nne ya jengo jingine, mimi na mama, watu wa Bukavu tuliohamia huku Uingereza. Mama alisafisha ofisi alfajiri na tena alasiri, kwa hiyo aliyenichukua shuleni alikuwa jirani wa mlango wa pili, mjane wa Kijapani aliyevaa aproni hata sokoni. Kwake nilikula wali na nyama ya ng'ombe. Nyama aliigandisha kidogo kwanza, akaikata vipande vyembamba mno, hata niliviinua dirishani nikaona mwanga. Kitunguu kilichemka katika sosi ya soya, sukari na tangawizi. Nyama ikafuata kwa dakika chache. Kisha vyote vikamwagwa juu ya wali wa moto bakulini, mchuzi ukashuka taratibu kati ya punje. Bado nasikia kile kifuniko kilivyogongagonga kwa mvuke.

Kabla ya nyama, jirani alitia nusu kikombe cha kitu kiangavu kutoka chupa ya kijani. Niliwahi kumuuliza. Akanieleza kwamba ni pombe ya mchele, kwamba ukali wake huondoka na mvuke na kinachobaki ni utamu tu. Kwetu pombe haikuingia hata ndani ya dawa ya kikohozi. Mama aliimba kwaya, na kuhusu jambo hilo hakuwa na mzaha. Nikaendelea kula, na mama sikumwambia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukisifu chakula kile kila siku. Mama alivumilia, halafu Jumamosi moja akajifunga kitenge kizuri, akachukua kalamu na karatasi, akagonga kwa jirani ili ajifunze. Kiingereza chake kilitosha kazini tu, hivyo mkalimani nilikuwa mimi. Wanawake wale wawili walielewana vizuri. Walichekeana kuhusu kisu, wakashikana mikono kupima unene wa nyama. Kisha ikaja chupa ya kijani, yenye maandishi ambayo mama hakuweza kuyasoma. Jirani akaeleza polepole, kwa uaminifu kamili. Mama akanigeukia.

“Ile ni nini anamwanga pale?”

“Maji, mama,” nikasema. “Maji tu.”

Nimelipima jibu hilo mara nyingi. Nilikuwa na miaka tisa. Niliogopa kwamba akijua, mlango wa pili ungefungwa kwangu. Hoja hiyo ni ya kweli, wala hainisaidii.

Jumamosi iliyofuata mama alipika. Aliketi mbele yangu bila kugusa bakuli lake, akinitazama nikitafuna. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyomjibu kila kitu siku zile, kwamba siyo chakula kile.

“Inakosa nini, mutoto wangu? Sema tu, sitakasirika.”

Nikainua mabega. Alijaribu Jumamosi nyingine, na nyingine. Mara ya mwisho aliitazama mikono yake, iliyochubuliwa na dawa za kusafishia, akasema labda haikuumbwa kwa chakula cha watu wa mbali. Nikamwacha aamini hivyo. Hakukipika tena, nami nikadhani alikuwa amesahau.

Mstari wa tatu wa karatasi ile unasema: maji nusu kikombe. Nusu imekatwa, pameandikwa robo. Robo imekatwa, pameandikwa kikombe kizima. Halafu maji ya moto. Halafu maji ya kuchemshia mchele, yakifuatwa na alama ya kuuliza. Wino ni wa rangi nne tofauti. Mama alikuwa ameendelea kuitafuta ladha ile peke yake, nikiwa shuleni, katika kitu pekee ambacho hakikuwamo.

Jirani alirudi kwao zamani; jengo lile limebomolewa, na penye ngazi zetu sasa pana maegesho ya magari. Jana nilinunua nyama, nikaigandisha, nikaikata kwa subira. Chupa ya kijani nayo ninayo, hupatikana siku hizi kila duka. Sikuifungua. Nilitia maji, nusu kikombe, kama alivyoandika mwanzo. Ladha ilikuwa ileile ya Jumamosi zile, niliyoikataa mbele ya mama, nikaila yote hadi punje ya mwisho. Jibu ninalo, mama, tena kwa Kiswahili. Kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza inakosa nini.