Filamu Iliyonipeleka Kamsamba

Siku hiyo saluni yangu pale Mpemba ilijaa kelele mpaka madereva wa malori wakaja kuchungulia mlangoni. Ilikuwa Jumamosi mchana, na tulikuwa tunaangalia filamu ya mapenzi iliyotafsiriwa, zile ambazo mwanaume mmoja anasemea watu wote, hata wanawake.

Kijana wa kwenye filamu alikuwa na uwezo wa kurudi nyuma katika muda. Akimtongoza msichana akaharibu, anafumba macho, anarudi asubuhi ya siku ileile na kuanza upya. Msichana alimkataa mara tatu. Mara ya nne kijana akaja anajua kila kitu: maua anayoyapenda, utani unaomchekesha, hata namna anavyomkumbuka marehemu baba yake. Msichana akalia kwa furaha. Saluni nzima tukapiga vigelegele, mimi wa kwanza, kitana mkononi.

"Mwizi huyo," akasema mama mmoja wa Nanyala, niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa.

"Mama, kaiba nini? Si anampenda?"

"Binti wa watu alisema hapana mara tatu. Ziko wapi hapana zake? Hata mwenyewe hajui kama aliwahi kuzisema."

Hapo pakawaka moto. Mteja mwingine akadai mapenzi ni kujitahidi, na kwamba hata sisi tunajipamba ili tupendwe.

"Ukijipamba mbele yangu, bado naweza kukukataa," mama akajibu. "Huyu anafuta maneno yangu!"

Mchumba wangu alikuwa ameketi karibu na mlango, ametoka kuuza mchele sokoni. Barua yake ya posa ilikuwa nyumbani kwetu, ikisubiri jibu langu. Nikamgeukia anisaidie.

"Hebu mwambie mama. Wewe ungekuwa na uwezo huo, usingerudi?"

Hakucheka. "Mimi nilirudi," akasema.

Akaeleza mbele ya wote. Kabla hajanisalimia hata mara moja, alikuwa amemfuata dada yangu, anayeuza vitenge mpakani, akamuuliza napenda nini na naogopa nini. Ndiyo maana siku ya kwanza alikuja na mapera. Na mimi nilikuwa nimetangazia kwaya nzima kwamba Mungu ndiye aliyemleta, maana nani mwingine angemwambia habari ya mapera?

Mwili ulinichemka. Mpaka leo sijui zilikuwa hasira au furaha kwamba amesema mwenyewe, bila kushikwa.

"Basi mapera yale nayakataa," nikasema. Vigelegele vikazidi vya mwanzo.

"Na barua?"

"Barua isubiri. Wewe uliulizia kwetu, na mimi naenda kuulizia kwenu."

"Nenda. Mama yupo. Mimi nitabaki huku, nisije nikawapangia maneno."

Jumanne nilifunga saluni, nikapanda basi la kwenda kwao Kamsamba. Joto lilikuwa kali, nami nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Nilimkuta mama yake anapepeta mchele uani. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu bila kuzunguka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Hakunificha kitu. Mwanawe ni mbishi. Akinuna, hununa siku tatu. Halafu akanieleza kwamba kabla yangu alimposa binti wa jirani, akakataliwa.

"Akafanya nini?"

"Aliumia sana. Lakini siku ya harusi ya yule binti, yeye ndiye aliyebeba viti tangu asubuhi."

"Alibeba viti?"

"Na muziki akacheza!"

Niliruka pale mkekani: kumbe huyu akiambiwa hapana, anaiacha ibaki hapana. Nikatoa simu, nikampigia palepale.

"Nimekubali," nikasema.

Kisha nikasikia akipiga kelele katikati ya soko la Tunduma, na watu wakimuuliza kumetokea nini.

"Mama amekwambia nini?" akauliza alipopata pumzi.

"Hilo hutalijua," nikamjibu, na mama yake akaninyang'anya simu ili apige kigelegele chake mwenyewe.